Nguo za Mtoto Kwenye Kamba ya Bi Mwanahamisi

Nilipokuwa mtoto wa umri wa kutumwa dukani lakini si wa kuelezwa mambo, mama alipata ujauzito na mtaa mzima ukajifanya haujui. Ndivyo tulivyoishi pale Msata. Tumbo liliweza kumtangulia mwenyewe kufika gengeni, na bado watu wakamsalimia habari za mvua na za mahindi. Mimba haitajwi, kwa sababu ikitajwa inasikika, na wanaosikia si wote wanaokutakia mema.

Mama hakuyataka hayo. Alikuwa Mkatoliki wa Morogoro, fundi cherehani, mwanamke wa kupiga ishara ya msalaba kabla ya kutunga uzi. Mtu akimwuliza hali, alijishika tumbo na kujibu, "Namngoja mgeni wangu, niombeeni." Wanawake wakageuka pembeni kwa aibu. Baba, aliyekuwa akiziba pancha za malori pale njia panda ya Bagamoyo, na ambaye kanisani alionekana Krismasi na Pasaka tu, alimtania: "Mbona Elizabeti kwenye Biblia alijificha miezi mitano?"

Mama akamrushia kipande cha kitambaa. "Yule alikuwa mzee. Mimi nijifiche kwa lipi?"

Walicheka, lakini wote wawili walijua. Kabla ya mimba ile palikuwa na nyingine. Mdogo wangu wa kiume alizaliwa bila kulia, akazikwa siku hiyohiyo, na nguo alizokuwa ameshonewa zikabaki sandukuni. Mtaani ilisemwa kwamba nguo zile ndizo zilizomponza. Kwetu pwani mtoto haandaliwi kabla hajafika, maana kuziandaa nguo zake ni kuliita jicho la husuda lije litazame.

Sasa mama alikuwa anashona tena, tena barazani, mchana kweupe. Vishati, kofia, nepi za kitambaa. Akazifua na kuzianika mbele ya nyumba, pale ambapo kila abiria wa basi aliweza kuziona. Nadhani alitaka kumwonyesha Mungu kwamba anamwamini, na hakutaka kufanya hivyo kwa kunong'ona.

Jirani yetu wa ng'ambo ya barabara, Bi Mwanahamisi, alikuja siku hiyohiyo. Alikuwa mjane wa Kikwere, mtu mzima wa sala tano, na mama alimheshimu kama mkwe.

"Mama Felista," alisema bila hata kukaa, "anua nguo hizo."

"Bibi, hizi ni nguo tu. Mtoto ni wa Mungu."

"Najua ni wa Mungu. Na yule mwingine alikuwa wa nani? Si ulimshonea hivihivi?"

 Mama aliinuka akaanua moja moja, na Bi Mwanahamisi akarudi kwake ameinamisha kichwa kama mtu aliyepiga mahali asipokusudia. Nilimchukia kwelikweli siku ile.

Baada ya hapo cherehani ilinyamaza. Kishati kimoja kilibaki na mkono mmoja. Mama aliendelea kusali rozari, lakini katikati ya Salamu Maria alikuwa akikatisha, akaweka kiganja tumboni na kusikilizia. Kliniki walimwambia mtoto yuko salama. Akarudi nyumbani na uso uleule. Niliogopa, kwa sababu sikuwahi kumwona mama akiogopa.

Asubuhi moja Bi Mwanahamisi akarudi na beseni.

"Nipe hizo nguo. Zote."

"Za nini, Bibi?"

"Nipe, mwanangu. Maneno mengi ya nini?"

Mama akampa. Nilidhani anakwenda kuzichoma. Kumbe alizisuuza upya, akazianika kwenye kamba yake mwenyewe, zikiwa zimetazama kituo cha mabasi. Mwanamke mwenye wajukuu Chalinze! Mtaa ulivunjika mbavu.

"Hongera, Bi Mwanahamisi! Kumbe bado umo?" walimpigia kelele pale bombani.

"Nimo sana. Na mkiniletea uji msisahau sukari."

Akawa anatembea ameshika kiuno, anahema, anaomba apishwe foleni ya maji. Nilicheka mpaka machozi, kisha nikaingiwa na shaka, nikamfuata uani kwake.

"Shikamoo, Bibi. Eti una mimba kweli?"

"Marahaba." Akanivuta karibu, na safari hii hakuwa na mzaha. "Usimwambie mtu. Jicho linazifuata nguo. Likija, lije hapa kwangu. Mimi nimeshazika wangu, nimeshamaliza kuzaa. Mama yako bado."

Nilimwambia mama, bila shaka. Nani angeweza kunyamaza na jambo kama lile?  Mama alichukua kile kishati cha mkono mmoja, akakimalizia, akanituma nikipeleke ng'ambo nimekificha chini ya kanga. Jumapili, kanisani, nilimsikia akimwombea Bi Mwanahamisi alindwe na kila baya.

"Mama, si ulisema jicho halipo?"

"Halipo," alisema. "Lakini yeye anajua lipo."

Mama alipokaribia kujifungua, Bi Mwanahamisi aliugua. Homa ilimlaza, mguu ukavimba, na watu wakaacha kumtania. Mama alijikokota akavuka barabara, nami nikiwa nimembebea sufuria ya uji.

"Bibi, nakuomba. Anua sasa. Yatosha."

Bi Mwanahamisi alikuwa amelala chali, midomo imemkauka. "Nikianua sasa, litarudi kwako. Niache, mwanangu. Niko vizuri hapa."

Kila asubuhi alitambaa hadi mlangoni kuhakikisha kwamba bado ziko kambani.

Mdogo wangu alizaliwa mchana, kwenye kituo cha afya, akapiga ukelele ambao baba anasema ulisikika mpaka stendi. Mimi ndiye niliyetumwa kuzifuata nguo. Bi Mwanahamisi alikaa kitandani, akazikunja mwenyewe polepole, akapitisha kila moja shavuni. Baada ya siku chache homa ilimwachia, na alipotoka alimtangazia kila aliyepita: "Nimejifungua salama, alhamdulillah. Ila maziwa ndiyo yamegoma."

Leo ninaishi Bagamoyo mjini, nina watoto wangu, na nimeisikia mijadala yote ya imani na ushirikina. Wengi wanataka nikubali kwamba mmoja kati ya wale wanawake wawili alikosea. Mimi nawaona wote wawili wakimsubiri mtoto mmoja, kila mtu kwa silaha aliyokuwa nayo. Mama alianika nguo zile kwa sababu hakuamini kuwa zingeweza kumdhuru. Bi Mwanahamisi aliamini kwamba zingeweza kumuua yeye mwenyewe. Homa ilipompanda, hakuwa na shaka hata kidogo kuhusu kile kilichokuwa kimemfikia, na mtoto hakuwa wake, wala wa ukoo wake, wala wa dini yake.

Padri anaposoma habari ya mtu kuutoa uhai wake kwa ajili ya rafiki zake, wenzangu huutazama msalaba, nami pia huutazama. Halafu namkumbuka Bi Mwanahamisi. Kama jicho lipo au halipo, mimi sijui. Yeye alijua lipo, na hakuanua.