Waya wa Tatu

Juzi, pale Palma, nilimwona fundi akichomoa nyaya za plagi za pikapu kuukuu, moja baada ya nyingine, injini ikiwa inaunguruma. Harufu ya petroli ikanirudisha utotoni, uani kwetu, nimepanda bampa pembeni ya baba.

Pikapu yake ilikuwa inamisi, injini ikikatakata kwa sababu plagi moja haichomi, naye alitaka kwenda Quiterajo kumchukua shangazi, maana vijiji vya huko vilikuwa vinachomwa moto na watu wenye silaha.

"Sikiliza, mwanangu. Nikichomoa waya mlio ukabadilika, plagi hiyo nzima. Usipobadilika, hiyo ndiyo iliyokufa."

Waya wa kwanza, injini ikatetemeka. Wa pili, ikatetemeka. Wa tatu, mlio ukabaki vilevile, nami nikapiga makofi. Baba akafunga plagi mpya, akanipaka masizi puani, akaondoka.

Hakurudi mpaka leo.

Kesho yake nilipoamka niliisikiliza nyumba yetu kama alivyonifundisha. Kuku walikuwa wakichakura, mama akitwanga uani, kama siku zote. Mlio haukubadilika hata kidogo. Basi nikaamini kwamba kwetu plagi iliyokufa ilikuwa baba, na nikamwonea aibu, miaka mingi, bila kumwambia mtu.

Siku ile hatukula ugali. Juzi tu, mbele ya yule fundi, ndipo nilipojiuliza mama alikuwa akitwanga nini. Nikampigia simu, nikamwuliza.

"Kinu kilikuwa kitupu, mwanangu. Sikutaka mwamke mkute nyumba iko kimya."