Muhtasari wa Maembe ya Mama

Kwetu, wanandoa waliosimamia arusi yako si watu wa kupigwa picha tu. Mkigombana mnawaendea, mkitaka kununua shamba mnawauliza kwanza. Ndiyo maana nilipomaliza kuandika mpango wangu wa biashara ya kukausha maembe, niliupeleka moja kwa moja kwa msimamizi wetu, mwanamume anayekijua Kiingereza cha ofisini na kuwajua wenye ofisi.

Alicheka. Nilikuwa nimeanza kwa kumshukuru Mungu, kisha pasta, kisha wote waliotufikisha hapo, kama ripoti ya kamati ya kanisa.

"Mwekezaji hana taimu ya salamu," aliniambia. "Ukurasa mmoja. Shida ni gani, utaitatua aje, nani atanunua, pesa yake itafanya nini. Na umpatie kitu moja hatasahau."

Alisema kweli, na hilo ndilo linaloniudhi hadi leo: alinifundisha vizuri. Nilikata, nikakata tena, mpaka ikabaki karatasi moja inayoanza hivi: "Kila msimu mama yangu, mkulima wa Gachoka, huwalisha ng'ombe maembe yaliyokosa mnunuzi." Aliisoma, akaikunja.

"Niachie," akasema. "Nitakupelekea."

Siku ya kujieleza mbele ya wawekezaji nilimleta mama hotelini Makutano, amefunga kichwani kitambaa chake cha kanisani. Alikuwa amebeba kikapuni mfuko wa maembe makavu wa kumshukuru msimamizi wetu. Tulikaa nyuma tukingoja niitwe.

Aliyeitwa ni msimamizi wetu. Alishika kipaza sauti, akaanza kwa Kiingereza: kila msimu mama yangu, mkulima wa Gachoka.

Mama yake ni mwalimu mstaafu wa mjini. Embe yeye hununua sokoni. Mama yangu, asiyejua Kiingereza, alisikia Gachoka tu, akapiga makofi. Alidhani anatusemea.

Mwekezaji mmoja akauliza kama mama huyo yumo ukumbini. Msimamizi wetu alitazama nyuma, macho yetu yakakutana.

"Hakuweza kufika," akajibu. "Anawasalimu sana."

Mama akanigusa mkono. "Amesema nini?"

Nilimwambia, neno kwa neno. Hakulia wala hakumlaani. Aliuokota ule mfuko wa maembe makavu miguuni pake, akaurudisha kikapuni, akaufunika kwa leso.