Nilimlazimisha Jirani Yangu Mkorea Aseme Yamekwisha

Kosa ni langu peke yangu. Nalisema mwanzo kabisa msije mkanitafutia visingizio huko mbele, maana navijua vyote, nimeshajipa mwenyewe na hakuna hata kimoja kilichonifaa.

Mimi ni mama wa makamo, Muomani mwenye asili ya Zanzibar, nakaa Bawshar, hapa Muscat. Kazi yangu ni kupokea wageni. Wageni wakubwa wakija idarani kwetu, mimi ndiye ninayepanga nani akae wapi, nani aanze kusalimia, nani asiwekwe karibu na nani. Na wallahi naijua kazi yangu. Sisi Waomani tunasifiwa kwa kupatanisha waliogombana, na ile sifa ya nchi mimi niliibeba kichwani kama yangu binafsi. Hapo ndipo shetani aliponipatia.

Ghorofa ya juu yangu anakaa mwanamke wa Kikorea. Nitamwita Minju, si jina lake. Mumewe ni mhandisi. Yeye anafundisha Kikorea wasichana wetu, hawa waliopagawa na tamthilia za kwao mpaka wanagombana na ndugu zao kwa Kikorea. Binti yangu alikuwa mmoja wao. Kwa ajili ya binti tukajuana, tukapendana. Alikuwa akishuka kwangu na bakuli la kabichi yake ya pilipili, nami nampa mkate wa ufuta, tunakaa jikoni tunachanganya Kiingereza changu kibovu na Kiarabu chake cha sokoni.

Siku moja hapo jikoni akanieleza habari za babu yake. Japani ilipokuwa ikiitawala Korea, wakati wa vita, vijana wengi walichukuliwa kwa nguvu kwenda kufanya kazi huko Japani. Babu yake alipelekwa kwenye mgodi wa makaa ya mawe, akamwacha mkewe na mimba. Hakurudi, wala maiti yake haikurudi. Miaka mingi baadaye serikali mbili zikakaa, zikatia saini, zikafunguliana balozi, watu wakatangaziwa kwamba mambo ya zamani yamemalizwa. Bibi yake Minju alizisikia habari hizo redioni, anaosha mchele. Hakuna aliyempigia hodi kumuuliza.

Yule bibi, kabla hajafa, alimshika mkono mjukuu wake akamwambia asije hata siku moja akasema yamekwisha kwa niaba yake. Minju akaahidi. Na mama yake Minju, yule mtoto aliyekuwa tumboni, sasa ni kikongwe na yuko hai huko Korea. Hivi karibuni serikali yao ilipoleta mpango mwingine wa kuzimaliza kesi za fidia za watu wale waliochukuliwa, mama alikataa kutia saini.

Haya yote aliniambia mimi. Nayaandika ili mjue kwamba nilikuwa najua.

Sasa, kazini tulikuwa tukionana na Mjapani mmoja, mtu mzima, mpole, kaja na kampuni ya mitambo ya maji. Huyu nitamwita Bwana Kenji. Siku moja tunasubiri wageni waliochelewa, mimi mdomo ukaniwasha. Nikampa kisa cha Minju chote, na babu, na bibi, na ahadi. Siri ya mtu, niliimwaga kama maji ya kunawia.

Kenji akaniambia kwamba babu yake mwenyewe alikuwa polisi huko Korea miaka ile, na kwao halizungumzwi. Akasema angependa kwenda kwa huyo jirani yangu, peke yake, amwombe radhi, aondoke. Akaniomba nimuulize kwanza Minju kama yuko radhi kumsikiliza.

Jamani, tazameni adabu ya yule mtu! Kati yangu na mlango wa Minju ni ngazi moja tu. Ningepanda, ningemuuliza. Lakini moyoni nilijua atakataa, na mimi nilishajiona naunganisha mataifa. Serikali zao zenyewe zilikuwa zimeanza kutembeleana na kupeana mikono kwenye televisheni, nikasema basi na mimi niwe na changu. Nikamwambia Kenji aniachie mimi, sisi huku tuna njia yetu.

Njia yenyewe Waarabu wanaijua. Mtu mwenye haja kubwa anakwenda nyumbani kwa anayemtaka, anamiminiwa kahawa, anaiweka finjani chini, hanywi. Anasema nina haja, sinywi kahawa yako mpaka unipe. Hapo mwenye nyumba amebanwa. Aibu ya mgeni kuondoka bila ya kunywa kahawa ni kubwa, na watu wote wanatazama. Kwa njia hiyo watu wamesameheana hata damu. Mimi nikaona hii ndiyo dawa.

Minju alikuwa na sherehe ya wasichana kumaliza masomo, nyumbani kwake, na wazazi tumealikwa. Nikaenda na Kenji, naye akiamini nimeshamuuliza Minju, nikamwambia Minju kwamba huyu ni mgeni wangu wa kazini. Akamkaribisha vizuri. Kahawa na halwa nilipeleka mimi, na nikamfundisha Minju namna ya kumimina. Alifurahi masikini, anacheka, anawamiminia wazazi mmoja mmoja. Akammiminia na Kenji kwa mkono wake.

Kenji akaiweka finjani chini kama nilivyomfunza. Akasema kwa Kiarabu cha kukariri kwamba ana haja. Wazazi wote wa Kiomani wakaelewa mara moja. Minju hakuelewa, akanitazama mimi. Nikamweleza desturi, pale pale, mbele za watu. Ndipo Kenji akainama mpaka kichwa karibu na zulia, akaomba radhi kwa yaliyomfika babu yake Minju kwenye ule mgodi.

Minju aligeuka akanitazama tena. Alikuwa anajua sasa ni nani aliyesema. Uso wake ulikuwa wa mtu aliyevuliwa nguo hadharani, na mimi, astaghfirullah, nilimtabasamia.

Mama mmoja akaanza kulia. Mwingine akamhimiza Minju amwambie mgeni anywe. Binti yangu anarekodi kwa simu. Nikamsogelea Minju nikamshika bega.

"Sema tu yamekwisha," nikamwambia. "Mgeni anasubiri."

Akasema. Kwanza kwa Kiingereza, kisha kwa Kikorea, kwa sauti ndogo. Kenji akanywa kahawa yake, na sisi tukapiga vigelegele nyumba nzima.

Ile video niliirusha mwenyewe kwenye kundi la wazazi. Nikaandika chini yake kwamba waliyoshindwa wakubwa, tumeyaweza sisi wanawake wa Muscat. Hebu fikirini ujinga huo! Wasichana wakawatumia rafiki zao wa Kikorea, na rafiki zao wakawatumia wengine.

Baada ya siku chache Minju alishuka kwangu. Hakutaka kukaa. Akaniambia mama yake ameiona video, amempigia simu, amemuuliza swali moja tu: nani kakupa ruhusa? Akakata. Tangu hapo akimpigia hapokei. Nikaanza kujieleza, kwamba nia yangu ilikuwa njema, kwamba bibi yake ameshakufa, Mungu amrehemu, hawezi kuumia tena. Ndiyo, nililitamka hilo. Akageuka akapanda kwake, na madarasa akayafunga.

Nikaenda Mabela kwa mama yangu, nikitaraji atanitetea. Mama ni Mzanzibari wa kuzaliwa, aliondoka huko msichana baada ya mapinduzi, na mambo yale hayasemi. Nilimsimulia yote huku anachambua mchicha. Aliniuliza tu kama nilimuuliza Minju kwanza. Nikasema hapana.

"Mimi mjomba wangu aliniletea mtu hivyo hivyo," akasema. "Yule aliyemtoa baba nyumbani siku ile, na baba hakurudi. Kaja mpaka hapa Muscat, kaweka finjani chini, wazee wamejaa. Nikasema nimemsamehe. Sikumsamehe, nnakwambia, wala leo sijamsamehe. Wao waliondoka wamefurahi, na dhambi ya uongo nnayo mimi."

Miaka yote hii sikuijua habari ile. Mama yangu mzazi! Nikachukua kisu nikamsaidia mchicha.

Kenji nilimwambia mwenyewe kwamba Minju sikumuuliza, na yaliyompata. Alisikiliza mpaka mwisho, akasema, "Nilikuomba umuulize." Sasa tukikutana ni habari za kazi tu. Alikuwa na radhi yake ya kweli, safi, nami nikaiharibu isiweze kuombwa tena.

Mwisho nikapanda ile ngazi. Sikubeba kitu. Minju akafungua mlango nusu. Nikamwambia nimekuja kuomba radhi.

"Lazima nikujibu?" akauliza.

Nikasema si lazima.

"Basi sikujibu."

Akafunga mlango taratibu, kama mtu asiyetaka kumwamsha mtoto. Nikashuka. Tunakutana kwenye lifti, ananisalimia, naitikia, na ninajizuia nisimuulize kama amenisamehe. Kujizuia huko ndicho kitu pekee nilichobaki nacho cha kumpa.

Nyinyi mnaopenda kusuluhisha watu, wa nyumbani au wa serikalini, nawaomba. Kabla hamjapanga viti na kuita watu, nendeni kwa aliyeumia, peke yenu, mumuulize anataka au hataki. Akisema hataki, rudini makwenu. Msimwekee watu wa kumtazama. Neno alilotoa kwa kuona haya mtalifurahia nyinyi jioni moja, yeye atakaa nalo maisha.

Mpaka naandika haya, mama yake Minju bado hapokei simu.