Pichi la Upande wa Jua

Mama yake Qondeni alimzaa katikati ya alizeti, akiwa kibaruani, na ndiyo maana shamba zima, kule upande wa Standerton, lilimwita Bhekilanga. Ni jina letu la alizeti: mtazama jua. Mimi niliyefunga naye magunia ya mahindi miaka kumi na mmoja sikumwita jina jingine.

Mumewe, Velaphi Mavuso, alichimba makaa ya mawe mbali na nyumbani na kulala bwenini na wenzake. Qondeni aliishi na mama mkwe na binti yao, Busaphi, aliyekuwa na miaka sita.

Desemba moja kulikuwa na harusi kwa jirani. Akaletwa mpiga gita kutoka mjini, Fanyana Nhlapo. Qondeni alipita na beseni la mapichi akiwagawia wageni, huku watu wakimwita huku na kule, Bhekilanga, lete hapa, Bhekilanga, umetusahau. Fanyana naye akapata lake, akala, akashukuru. Basi.

Kabla ya majira ya baridi wimbo ukatoka redioni. Fanyana alimwimba Bhekilanga, akimwomba amgeuzie uso, maana pichi lake ameshalionja, tena upande ule mwekundu uliopigwa na jua.

Sisi shambani tulicheka, tukaucheza. Najuta hadi leo.

Kule bwenini hawakucheka namna yetu. "Mavuso," walimwuliza Velaphi, "pichi la nyumbani limebaki hata kokwa?" Alivumilia majuma mawili, kisha akapanda basi.

"Alilionja lini?" alimwuliza mkewe, hata kofia hajavua.

"Baba Busaphi, lilikuwa pichi la kuchumwa mtini! Harusi nzima ilikula. Mama naye alikula, mwulize."

Mama mkwe alikuwa amekaa pale pale. Alitazama mikono yake. "Mimi nilikuwa jikoni," akasema.

Qondeni alirudishwa kwao siku hiyo hiyo na blanketi moja. Mtoto alibaki, kwa kuwa ng'ombe wa mahari walikuwa wameshatolewa.

Hakukaa akilia. Alimtafuta Fanyana mjini kwa siku tatu, akamkuta uani akipasua kuni. Yule bwana hakumkumbuka.

"Dada, mimi nilikuwa natafuta jina tu. Watu walikuwa wanaita Bhekilanga, Bhekilanga, nikaona linakaa vizuri kwenye gita."

"Na pichi?"

"Pichi ni mambo ya nyimbo. Nikiimba kwamba nimekula kiazi, nani atacheza?"

"Mwanangu amebaki kule, kaka."

Fanyana akaweka shoka chini. Hakuwa mtu mbaya. Alisema atakwenda mwenyewe kumweleza Velaphi, mwanamume kwa mwanamume, na kesho yake wakasafiri pamoja.

Hapo ndipo palipoharibika. Velaphi alikuwa langoni pa bweni na wenzake, wametoka zamu, basi liliposimama. Akamwona mkewe anashuka, na nyuma yake mwanamume aliyembebea mfuko.

"Haya, Mavuso," mmoja akasema, "mpaka wanakuletea harusi mlangoni!"

Fanyana aliinua mkono kusalimia. Hata salamu hakuimaliza. Velaphi alimpiga kwa rungu, na alipoanguka akamkanyaga vidole kwa viatu vya mgodini. Qondeni alilala juu ya yule mtu kumkinga. Wote waliokuwapo walisema baadaye kwamba kule kumkinga ndiko kulikowathibitishia.

Velaphi alifungwa miaka miwili. Vidole vya Fanyana viliunga vibaya, gita akaliacha. Habari zilipoenea, wimbo ukazidi kupigwa.

Qondeni alikwenda langoni kwa mama mkwe mara nne. Mara ya nne yule mama alitoka, akamwita kwa jina la ukoo wa kwao na kusema, "MaDlamini, mwanangu yuko jela. Unataka nikupe nini tena?"

Akahamia shamba jingine, wilaya nyingine, kulima viazi. Nilimtembelea mara moja. Wanawake waliokuwa wakichagua viazi naye walikuwa wakiimba ule wimbo, hawajui. Aliendelea kutupa vilivyooza pembeni. Nilipofungua mdomo kuwaambia, alinishika mkono akatikisa kichwa.

Busaphi alikuja akiwa na miaka kumi na tisa, baada ya bibi yake kufa. Alisimama mlangoni akauliza, "Mama, ni kweli yale?"

Miaka kumi na mitatu, Qondeni aliniambia kwa simu, na la kwanza ni hilo! Alimwambia aingie, akamkaangia mayai mawili, akamtazama anavyokula.

Binti alirudi mara mbili. Mara ya pili alimkuta mama anakohoa damu, akamwogesha, akamsuka nywele. Swali lile hakulirudia. Qondeni alikufa Julai, na Busaphi ndiye aliyekuja kunipa habari. Tulimzika watu tisa. Velaphi alikuwa ametoka jela zamani, naye aliarifiwa. Hakuja.