Dada Kusum na Nguo Nyeupe

Enzi zetu sisi wasichana wa Ihanda, ukitaka kujua gauni gani linavaliwa mwaka huo, hukuwa na simu ya kuuliza. Ulitembea kwa miguu mpaka Vwawa siku ya Jumamosi, ukasimama ng'ambo ya barabara, ukamwangalia Kusum. Basi. Alichovaa Kusum ndicho tulichovaa sisi, hela ya kahawa ikiruhusu. Wa rika langu mtamkumbuka, au mtamkumbuka wa kwenu, maana kila mji mdogo ulikuwa na duka la Mhindi, na kila duka lilikuwa na binti. Mimi namkumbuka kwa sababu nyingine pia. Kuna pole moja nilitakiwa kumpa, na sikumpa.

Nilimjua kuliko wenzangu kwa ajili ya samli. Mama yangu alikuwa akitengeneza samli safi, na kila Jumamosi nilibeba kopo kichwani mpaka mlango wa nyuma wa duka lile. Jikoni kwao kulinuka bizari na ubani, sakafu ya saruji inang'aa, na mimi miguu imejaa vumbi jekundu, naogopa kukanyaga. Kusum ndiye aliyepokea. Alikuwa ananizidi miaka minne hivi. Mwembamba, msuko mmoja mpaka kiunoni, bangili za kioo mikono yote miwili, kipini puani. Akija unamsikia kabla hujamwona.

Shule nilifika darasa la nne. Ya vitambaa nilisoma kwa Kusum. Alinivuta kwenye majora akaniambia, "Naomi, kamata hiki, finya kwenye ngumi, hesabu mpaka kumi, achia. Umeona? Kimekunjamana kama uso wa bibi kizee. Hiki mwachie baba awauzie wengine." Alinifundisha kutoa uzi mmoja na kuuchoma. Ukinuka karatasi, hiyo pamba. Ukinuka nywele, hiyo hariri. Ukijikunja ukawa kama kinyesi cha panya, hiyo nailoni, utatoka jasho kanisani mpaka mchungaji akuonee huruma. Na kamwe usichague rangi ndani ya duka, toka nayo juani. Siku hizi nawaona wasichana hapa Tunduma wananunua gauni bila kulishika, wanagusa kioo tu kwa kidole. Kisha likifika wanashangaa limepauka.

Baba yake hakuwa mjinga. Aliona kwamba akivaa Kusum, sisi tunanunua. Kwa hiyo jora likikaa bila mnunuzi, alimshonea yeye. Siku moja nilimkuta amevaa kitambaa cha rangi ya matope, amenuna.

"Unajua kwa nini nimevaa hii?" akaniuliza. "Mwaka mzima imelala kwenye shelfu. Baba ananivalisha kama sanamu. Usinunue, nakuambia wewe tu."

Nilinunua. Yadi mbili na nusu. Yeye alikuwa ananieleza shida yake, mimi nilikuwa naangalia marinda.

Ndivyo tulivyokuwa, tusijidanganye. Tulichuma kahawa mpaka vidole vikawa vyeusi, tukala kande asubuhi na maharage jioni, tukacheza rede uwanjani mpaka kina mama waite kwa hasira, na mawazo yetu yote yalikuwa Jumamosi. Rafiki yangu Skola ndiye alikuwa mkali wa mambo hayo. Ukichelewa kushona mtindo mpya alikucheka mbele za watu. "Wewe bado uko mwaka jana?" Akisema hivyo kisimani, siku nzima umeharibikiwa.

Kusum akaolewa. Alipelekwa Mbeya kwa kijana mwenye duka la vipuri. Tulisimama barabarani tukamwona amevaa nyekundu yenye nyuzi za dhahabu, mikono imechorwa hina mpaka kwenye viwiko. Mama yake alitugawia pipi za maziwa, tamu mpaka meno yanauma. Mwaka ule Ihanda yote ikawa nyekundu. Hata mabinti wa kwaya walivaa nyekundu, wazee wa kanisa wakakohoa, hakuna aliyejali.

Mvua za mwaka mmoja zikapita. Jumamosi moja tuko barabarani, Skola akanifinya mkono. "Mwangalie yule. Karudi!"

Kusum alikuwa amekaa kwenye kigoda ndani ya duka, nyuma ya baba yake. Amevaa nyeupe tupu kuanzia juu mpaka chini. Hakuna pindo, hakuna ua, hakuna uzi wa rangi. Bangili hana. Kipini hana. Hakutuona, au alituona akaangalia pembeni.

"Hiyo ndiyo ya mjini sasa," Skola akasema. "Wameacha mabangili. Mimi nilijua tu, bangili ni za washamba."

Nanyi mtauliza, hamkujua? Hatukujua. Kwetu msiba una sauti. Watu wanalia mpaka kijiji cha pili wanasikia, nyumba inajaa, moto unawashwa uani, wafiwa wanafunga kaniki nyeusi. Pale dukani hakuna aliyelia. Duka lilikuwa wazi, mizani iko mezani, baba mtu anauza sukari. Msiba wenyewe ulikuwa Mbeya na ulishamalizika huko. Nyeupe kwetu ni ubatizo na harusi.

Lakini mimi nilikuwa na kopo la samli siku ile. Nilipita mlango wa nyuma, na aliyepokea ni mama yake, macho mekundu. Nikadhani ni vitunguu. Nilikuwa na nafasi ya kuuliza, "Dada Kusum hajambo?" Sikuuliza. Nilikuwa na haraka ya kuwahi duka kabla nyeupe haijaisha.

Tulikuwa wasichana watano. Tukamwambia baba yake, "Tupimie ile nyeupe, kama ya Kusum." Akatutazama mmoja mmoja. "Nyeupe? Wote?" Tukasema wote. Alivuta jora, akapima, akakata. Kwa nini alituuzia mpaka leo sijui. Pengine alishindwa kutamka lile neno mbele ya watoto.

Wiki ile fundi wa kijijini alishona mpaka sindano ikakatika. Mimi ndiye niliyesema na bangili tuvue, ili tufanane naye kabisa. Naomba mlijue hilo. Skola alianza, lakini la bangili lilikuwa langu.

Jumamosi iliyofuata tukaingia dukani wote watano, weupe kama vyungu vilivyopakwa chokaa, tunasukumana na kucheka. Kusum alikuwa kaunta. Nikapanua mikono mitupu nikazunguka mara moja.

"Dada Kusum, tuangalie!"

Alituangalia. Macho yake yalipofika kwangu yakasimama hapo.

"Naomi," akasema polepole, "nani amekufa kwenu?"

"Hakuna, dada! Ni mtindo wako!" Na nikacheka.

Aliweka chini vipimo vya mizani, kimoja kimoja, akaingia ndani. Tukasikia mlango, kisha tukasikia kile ambacho hatukukisikia wiki iliyopita. Alilia kama watu wa kwetu wanavyolia, kwa sauti. Baba yake akafunga nusu ya mlango wa duka. "Mume wake amefariki, na kwetu mjane huvaa nyeupe, bila bangili," akasema. "Nendeni nyumbani, wanangu." Alituita wanawe, na hiyo ndiyo iliyoniuma zaidi.

Njiani Skola alikuwa wa kwanza kujifunga khanga juu ya gauni lake.

Nilimweleza mama. Mama hakunichapa, na mnajua mama zetu walivyokuwa, asipokuchapa ujue mambo ni mabaya. Alisema, "Kila wiki unamwangalia nguo yule mtoto. Macho yake hukuwahi kuyaangalia? Jumamosi utakwenda, utapiga magoti, utampa pole kama mtu aliyelelewa."

Jumamosi ikafika, nikasema naumwa tumbo. Mdogo wangu wa kike akapeleka samli. Jumamosi ya pili nilikwenda mpaka kwenye mti wa mwisho kabla ya maduka, nikakaa chini, nikampa mtu kopo anifikishie. Niliporudi mama akauliza, "Umempa pole?" Nikajibu, "Ndiyo, mama." "Akasemaje?" "Akasema asante." Mama alifurahi, akaniwekea kipande cha nyama. Nilikila.

Niliendelea hivyo. Kila wiki nilijiambia ijayo. Kisha Jumamosi moja niliyomtuma mdogo wangu, akarudi na kopo limejaa vilevile, akasema mlango umefungwa kwa kufuli, hakuna mtu. Wamehama. Wengine walisema Dar es Salaam, wengine walisema Ulaya. Sikumwona tena. Nikaolewa, nikazaa, nikahamia huku mpakani, nikauza vitenge sokoni miaka mingi. Wateja walinisifu kwa kujua kitambaa. Waliniuliza nilijifunzia wapi, nikasema kwa Mhindi mmoja, nikakomea hapo.

Sasa mjukuu wangu anafanyiwa sendofu, sherehe ya kumuaga kabla ya harusi, na ameamua atavaa Kihindi. Siku hizi wote ndivyo, wameshiba tamthilia. Juzi ameniletea simu usoni, ndani yake binti wa Kihindi amesimama kwenye ngazi, amependeza kweli, vitu vinameremeta.

"Bibi, hii ndiyo inatrendi. Nimeagiza, inakuja kwa basi Alhamisi."

"Umeishika?"

"Inashikwaje, bibi, iko kwenye simu!"

"Na huyu ni nani?"

"Sijui. Ni mtu tu, ana wafuasi wengi."

"Anaitwa nani? Mama yake yuko? Mume wake mzima?"

Alicheka mpaka akakaa chini. "Bibi jamani! Mimi nataka gauni, wewe unataka ukoo!" Akaondoka na simu yake, ananisimulia kwa wenzake huko barazani, nao wanacheka.

Wacheke. Gauni likija litakuwa la mtu mwenye kiuno cha nyigu, na yeye kiuno chake nakijua, tutalifumua pembeni na kuongeza kitambaa. Mimi ndiye nitakayeongeza.

Enzi zetu nguo zilikuwa chache na aliyezivaa tulimjua kwa jina, tulijua sauti ya bangili zake na harufu ya jiko lao. Wao leo wana nguo za dunia nzima na hawamjui hata mmoja wa wanaozivaa. Nilitaka kumwambia mjukuu wangu kwamba ya zamani ilikuwa bora, kama tunavyopenda kusema sisi wazee. Nikashindwa. Huyo binti wa kwenye simu, wakimkosea, hatajua. Yule niliyemkosea mimi alikuwa amesimama mbele yangu, karibu kama mlivyo na karatasi hii, na aliniona nikicheka.