Kura Iliyopigwa Macho Yamefumbwa

Jamleck Kabiru, aliyezikwa Machi mwaka huu kando ya kibanda chake cha ng'ombe huko juu ya Bahati, aliitwa Fahali na watu wote waliomheshimu. Alikuwa mzee wa kanisa kwa miaka kumi na tisa, na hata huko jina hilo halikubaki mlangoni. Kazi yake ilikuwa kupandisha ng'ombe kwa mrija. Alikuwa na pikipiki nyekundu, mtungi wa baridi kali wa kuhifadhia mbegu za ndume, uliofungwa nyuma kwa mipira, na glavu ndefu inayofika begani. Ng'ombe akianza kulialia na kuwapanda wenzake, mama mwenye boma alipiga simu: "Fahali, njoo haraka, huyu ameanza." Mgeni akiisikia simu hiyo angedhani mambo mengine.

Kwa miaka thelathini alikuwa amefikisha mkono mahali ambapo mgombea mwingine hangethubutu, ndiyo maana alipojitosa kwenye siasa mwaka wa 2022, kuwania kiti cha wadi katika bunge la kaunti, hakuhitaji mabango. Majina ya watu yalimponyoka, lakini ng'ombe wao hakuwasahau. "Wewe ni yule wa Friziani mwenye chuchu tatu," alimwambia mama mmoja sokoni, mbele ya umati. Mama huyo alimpigia kura, na mumewe pia.

Aliahidi kitu kimoja tu, mtambo wa kupoza maziwa. Maziwa ya asubuhi yalikuwa na gari la kuyachukua. Ya jioni yalilala kwenye mikebe hadi yakachacha, kisha yakamwagiwa mbwa. Mbwa wa huko walikuwa wanene kuliko watoto wa shule. Jengo la kupozea lilikuwepo tayari, limepakwa rangi ya samawati, na jiwe lake la msingi lilikuwa limezinduliwa mara tatu, kila mara kwa pazia jipya. Mtambo wenyewe haukuwepo. "Nisipouleta," Jamleck aliwaambia watu, "msinirudishe. Mnirudishie pikipiki yangu tu."

Alishinda, na mwaka wake wa pili bungeni ulikuwa ukiisha bila mtambo wakati kiongozi wa walio wengi katika bunge la kaunti alipoteuliwa kazi nyingine Nairobi. Chama kilikuwa na wawakilishi kumi na saba, na kilitakiwa kuchagua mwingine. Kiongozi ndiye hupanga hoja zipi zifike bungeni na zipi zikae kabatini, kwa hiyo Jamleck alijua kwamba mtu huyo ndiye angeleta maziwa au mbwa.

Waliotaka kiti walikuwa wawili. Ndung'u alikuwa na vipindi vitatu na tumbo la vipindi vitano. Alizijua kanuni za bunge kwa kichwa, na alikuwa naibu wa kiongozi tangu bunge la kwanza. Chepkemboi alikuwa mwanamke wa miaka thelathini na mbili, fundi wa zamani wa mitambo ya mvuke kule Olkaria, kipindi chake cha kwanza.

Ndung'u alifika kwanza, nyumbani Bahati, akaketi kwenye kiti cha Jamleck bila kuuliza ni cha nani.

"Jamleck, wewe kazi yako unaijua," alisema. "Mtu akikuita, unamwekea mbegu ya ndume aliyejaribiwa, ama unabahatisha?"

"Aliyejaribiwa."

"Basi tumemaliza."

Wangare, mkewe Jamleck, alikuwa akimimina chai. "Lakini Mheshimiwa," alisema, "Baba Lynn huniambia ndume hajulikani kwa sura. Wanaangalia mabinti wake wanatoa maziwa kiasi gani."

Ndung'u alicheka, kwa kuwa chai ilikuwa bado haijafika kwake. "Mama Lynn, mabinti wangu ni miradi."

"Tuko na mmoja hapo chini," Wangare alisema. "Mbuzi wanalala ndani."

Ndung'u alikunywa chai haraka. Alipokuwa akitoka alimshika Jamleck bega na kumwambia kwamba akipata kiti, hoja ya mtambo itakuwa ya kwanza. Alikuwa amelisema hilo mara tatu pia, kila pazia na mara yake.

Hata hivyo Jamleck alibaki na maneno ya ndume kichwani, kwa sababu kuna jambo lililokuwa likimsumbua tangu ujana wake. Mwaka mmoja alipata mbegu ya ndume mpya, ambaye hakuna aliyewahi kuona ndama wake, karatasi yake ikiwa imejaa sifa. Akaiweka kwa mtamba wa Wamaitha, mjane aliyekuwa na mnyama huyo mmoja tu. Ndama alikuja mkubwa kama mlango. Mtamba akafa, ndama akafa, na Wamaitha akasema, "Si kitu, Fahali, ulitaka kunisaidia." Angemtukana, Jamleck angesahau. Tangu siku hiyo alikuwa mtu wa waliojaribiwa, katika ng'ombe, katika matairi, hata katika wachungaji.

Chepkemboi naye alikuwa amempa sababu ya kuogopa. Mwezi uliotangulia aliisimamia hoja ya maziwa, hoja ya Jamleck mwenyewe, akaileta bungeni bila kutoa ilani inayotakiwa. Spika akaitupa. Chepkemboi akabishana naye, akatolewa nje, na hoja ikalala miezi sita kwa mujibu wa kanuni ambazo hakuwa amezisoma.

Alipokuja Bahati hakupitia nyumbani. Jamleck aliambiwa kwa simu kwamba kuna mwanamke mwenye gambuti anazunguka jengo la samawati, anawafukuza mbuzi. Akampata ameinua shingo akitazama nyaya.

"Mzee Jamleck, hii stima ni ya fezi moja."

"Kwani zinatakiwa ngapi?"

"Mtambo wa lita elfu tatu unataka fezi tatu. Hata wangeuleta kesho, ungekaa hapa kama jeneza."

Jamleck aliutazama waya kana kwamba umemtukana. "Mheshimiwa Ndung'u hakusema."

"Aliuliza?"

Mbuzi mmoja alirudi ndani.

"Ile hoja niliiua mimi," Chepkemboi alisema. "Nilidhani ukiwa na haki inatosha. Sasa kile kitabu cha kanuni nalala nacho. Lakini sikuahidi kitu. Kuna zahanati mbili na daraja mbele ya maziwa yako. Nitaandika tu barua ya kuomba transfoma ya fezi tatu, wiki hii, nipate kiti ama nikikose."

"Sasa hiyo ndiyo kampeni?"

"Ndiyo hiyo."

Jioni hiyo Jamleck hakula vizuri. Wangare alimuuliza kama ameliombea jambo hilo.

"Nimeomba."

"Mungu anasema nini?"

"Ananiuliza mimi nafikiria nini."

"Na unafikiria nini, Baba Lynn?"

"Nafikiria mtamba wa Wamaitha."

Wangare alikusanya vyombo. "Wamaitha mwenyewe alimwaga mkebe mzima jana," alisema. "Ana ng'ombe watatu sasa. Mnyama aliyemuumiza alikufa zamani. Haya maziwa yanachacha leo."

Chama kilikutana katika hoteli moja karibu na Longonot, mahali pa watalii wanaopanda mlima, ili wajumbe wasitoroke. Simu zilikusanywa kwenye kikapu cha mkate. Owino, kiranja wa chama, mtu mrefu mwenye uso wa kuchoka, ndiye aliyesimamia.

Hapo ndipo Jamleck alipogundua hila. Wajumbe wengi walikuwa wamemchoka Ndung'u, na walimwambia hivyo kila mtu isipokuwa Ndung'u. Kwenye choo cha hoteli peke yake Jamleck alihesabu watano waliomnong'oneza kwamba wako na Chepkemboi. Lakini Ndung'u alisimama na kusema hakuna haja ya karatasi. Sisi ni familia, alisema, tutapiga kura kwa kuinua mikono, tuonane. Alipotamka "tuonane" aliwatazama mmoja mmoja, kama mwalimu wa zamu. Watano wa chooni wakaangalia sahani zao. Kila mmoja alikuwa na barabara, kisima au mpwa wa kuajiriwa, na kila mmoja alijua Ndung'u hasahau.

"Pingamizi?" Owino aliuliza. Kwa desturi yao wenye vipindi vingi walizungumza kwanza, na zamu ya wa kipindi cha kwanza haikuwa imefika. Wa vipindi vingi hawakuwa na pingamizi.

"Basi tuombe halafu tupige kura. Mzee Jamleck, tuombee kama kawaida."

Jamleck alisimama. Kila mkutano aliombwa aombe, kwa kuwa alikuwa mzee wa kanisa na maombi yake yalikuwa mafupi. Siku hiyo alianza kama siku zote, akashukuru kwa safari, kwa chai, kwa mvua. Kisha akafumbua macho. Aliviona vichwa kumi na sita vimeinama, mpaka kile cha Ndung'u, na akatambua kwamba katika chumba hicho hakuna mtu ambaye angethubutu kufumbua macho kabla ya Amina. Wezi wa kura walikuwemo, waongo walikuwemo, lakini wote walilelewa na akina mama walewale, wenye kofi lilelile kwa mtoto anayechungulia maombi yakiendelea.

"Bwana," alisema, "kila kichwa kimeinama. Kila jicho limefumbwa. Mtu asitazametazame. Ni wewe na Mungu wako."

Kila mmoja aliyajua maneno hayo. Ndiyo maneno ya mhubiri mwishoni mwa mkutano, anapowaita walio tayari kuokoka. Mtu mmoja nyuma alipiga goti kwa mazoea.

"Kiranja Owino, wewe peke yako fumbua macho unisaidie kuhesabu. Sasa, Baba, kama kuna mtu hapa ambaye moyo wake unamwambia Ndung'u atuongoze, ainue mkono. Inua tu. Naam, nauona huo. Mungu akubariki. Mwingine pale kwa dirisha. Ubarikiwe."

Ndung'u alikohoa, lakini hakufumbua. Aliinua mkono wake juu kabisa.

"Tisa," Owino alinong'ona.

"Shusheni. Na kama kuna mwingine, Bwana, ambaye moyo wake unasema Chepkemboi, usiogope mwanadamu. Inua."

Jamleck aliinua wake mwenyewe, wa kulia, ule wa kazi. Mkono ulikuwa mzito. Akilini alimwona Wamaitha amesimama zizini, akauacha juu hivyo hivyo.

Owino alihesabu mara mbili, uso wake ukizidi kuchoka. "Kumi na moja," alisema.

Tisa na kumi na moja ni ishirini, na chumbani walikuwa kumi na saba.

"Bwana," Jamleck alisema, "unaona mwenyewe watu ulionipa. Mbele zako, macho yamefumbwa, watatu wameinua mara mbili. Wewe unawajua. Na mimi nimewaona, na mmoja ni shemasi. Turudie, Baba. Safari hii kiranja ana kalamu, na atakayeinua mara mbili jina lake litatajwa katika maombi haya haya, na wadi yake."

Walirudia. Ndung'u alipata saba. Chepkemboi alipata kumi.

"Tunaupokea uamuzi huu na hatutaurudia, katika jina la Yesu."

"Amina," walisema wote kumi na saba, na sauti iliyokuwa juu kuliko zote ilikuwa ya Ndung'u, kwa kuwa miaka sitini na sita ya Jumapili ilimtangulia mdomoni.

Alipoelewa, alisimama. "Hiyo ni kura gani? Kanuni ya wapi hiyo?"

"Mheshimiwa," Owino alisema, akikunja karatasi, "ulitaka mikono. Mikono imeinuliwa. Na umesema Amina."

Waliomuuliza Owino baadaye nani aliinua wapi waliambiwa kwamba alikuwa ameguswa sana na maombi yale, na machozi yalimzuia kuona. Jamleck mwenyewe alikwenda kwa mchungaji wake Jumapili iliyofuata, akakiri kwamba alikuwa ameyatumia maombi kama kisanduku cha kura. Mchungaji alimwambia atubu, kisha akauliza zilikuwa ngapi kwa ngapi.

Mtambo haukuja kesho yake. Chepkemboi alifanya makosa mawili makubwa katika mwezi wa kwanza, na mara ya pili Ndung'u alicheka bungeni mpaka akapewa maji. Zahanati zilitangulia, kisha daraja. Watu wa Bahati walianza kumuuliza Fahali kama alibadilisha ndume kwa hasara. Aliendelea na pikipiki yake na kulala vibaya. Lakini transfoma iliwekwa Agosti, kwa barua iliyoandikwa wiki ileile aliyoitaja Chepkemboi. Hoja ya maziwa ililetwa tena miezi sita ilipotimia, na ilani yake ilikuwa imetolewa mapema hata Spika akauliza kama mheshimiwa ni mgonjwa.

Mtambo uliwashwa Januari, saa kumi na moja jioni. Ulinguruma, ukasita, ukanguruma tena, na akina mama wakapanga foleni na mikebe, Wamaitha akiwa wa nne. Jamleck alisimama kando ya kipimajoto kwa muda wa karibu saa nzima, akiitazama namba ikishuka, na Wangare akasema baadaye kwamba hakuwahi kumwona ameangalia kitu hivyo, hata mtoto wao wa kwanza.

"Nyuzi nne," alisema mwishowe, baridi ya maziwa kulala bila kuchacha.

Kisha simu yake ikalia. Mtu wa upande wa juu alikuwa na ng'ombe aliyeanza. Fahali alifunga mtungi wake nyuma ya pikipiki, akaivuta mipira kuona kama imekaza, akaenda.