Ng'ombe wa mahari aliyechorwa Columbus

Jumamosi asubuhi, mtaa wa Linden, Columbus, Marekani. Mlango wa gereji uko wazi. Nyirangabo amesimama mbele ya turubai lenye kichwa cha ng'ombe mwekundu, kirefu kumshinda yeye mwenyewe. Anachora jicho, kubwa kama sahani, kwa brashi nyembamba kama njiti ya kiberiti.

"Hiki kitu cheusi ndani ya jicho, sijue ni nini," anasema bila kugeuka. "Lakini kwenye picha kiko. Donc, ninakiweka."

Nyirangabo, mwanamke wa miaka 46, ni mzaliwa wa milima ya Kivu Kusini. Siku za kazi hufunga maboksi ghalani kwa dola kumi na tisa kwa saa. Jumamosi ni ya rangi.

Yeye hunakili picha za kamera, akifuata mtindo ulioanza Marekani mwishoni mwa miaka ya 1960. Aliukuta katika kitabu cha maktaba alipokuwa akijifunza Kiingereza. Humo aliwajua Chuck Close, aliyegawa picha ya uso katika miraba na kuihamishia kwenye turubai mmoja mmoja. Richard Estes, ambaye vioo vyake vya maduka vinaonyesha barabara nzima. Na Audrey Flack, mwanamke miongoni mwa waanzilishi.

"Kule Bujumbura nilichoraka mabango ya saluni," anasema. "Kila mutu nilimufanya muzuri. Hawa, hapana. Picha iko na kasoro, wanachora na kasoro. Nikasema, bon, hii ndiyo kazi yangu."

Picha ya ng'ombe imetoka kwa Rwema, kijana wa Iroquois, Louisville, aliyemchumbia Gaju wa Buffalo. Nyanya yake Rwema aliipiga kwa simu huko milimani, kwa karibu mno, hata pembe moja ikakatwa nje ya picha.

Mahari ya pesa ilikwisha kutumwa. Lakini Gatsinzi, baba mkubwa wa Gaju, amekataa kutaja siku ya harusi mpaka aone ng'ombe. "Pesa ya ndani ya simu sitaikama," alisema. Ng'ombe yuko mbali milimani, ndiyo maana Rwema ameagiza achorwe.

Simu ya Nyirangabo inalia. Ni mteja wake Rwema, kwa video.

"Mama, hilo doa la kwenye jicho ulitoe. Watasema ng'ombe iko mugonjwa."

"Sitoi."

"Na pembe ya pili?"

"Nyanya yako ndiye aliikata. Umuulize yeye."

"Mama, unataka nisioe?"

"Wewe uoe. Mimi nichore."

Wiki mbili baadaye, katika ukumbi wa kanisa Buffalo, turubai limeegemezwa ukutani. Mzee Gatsinzi analikagua kama mtu aliye mnadani, fimbo mkononi. Rwema ameketi akitazama viatu vyake.

"Nitakama wapi hapa?" anauliza mzee.

"Kiwele kiko nje ya picha, muzee," anajibu Theogene, msemaji wa upande wa Rwema. "Pamoja na pembe ingine. Vinachungana."

Ukumbi unaangua kicheko. Gatsinzi hacheki. Amefika kwenye jicho.

Anavaa miwani, anasogea, kisha anarudi nyuma. Ndani ya jicho, mahali pa lile doa, amesimama mwanamke wa urefu wa kidole: kitambaa kichwani, simu ameishika kwa mikono yote miwili.

"Rwema. Huyu nani?"

Kijana anainuka, analiinamia jicho. Hajamwona mwanamke huyo tangu utotoni.

"Ni nyanya," anasema. "Ndiye alipiga picha."

Gatsinzi anavua kofia. "Mbona hamukusema mumekuja na mwenye ng'ombe? Mumupe kiti!"

Kiti kinawekwa mbele ya turubai, na hakuna anayekikalia. Kabla chakula hakijapoa, siku ya harusi imetajwa: Jumamosi ya kwanza ya Agosti.

Nyirangabo, aliyesafiri na turubai lake, anacheka karibu na mlango wa jikoni, sahani mkononi. "Mi nilichora rangi tu, mraba kwa mraba. Nyanya alikuja mwenyewe."

Rwema ameshamwagiza kazi nyingine: sura ya nyanya yake. Nyirangabo amekubali, kwa sharti kwamba watakaompiga picha wasimpambe wala wasimwambie atabasamu.

"Wamupige picha karibu, akiwa anaangalia ng'ombe wake," anasema. "Nitachora jicho la nyanya polepole. Nataka nione ile pembe ya pili."